Kustaafu kwa hiari na kubaki na kazi kidogo: Lindi mjini, Mikindani au Newala?

Mwana wa Mingoyo

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba ushauri wa watu wanaoishi kusini hivi sasa, si wa wale wanaoikumbuka kusini ya kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Nina umri wa miaka 56, ni mhasibu katika taasisi ya umma hapa Dar es Salaam, na nimekusudia kuandika barua ya kustaafu kwa hiari mwakani badala ya kusubiri miaka 60 ya lazima. Sikusudii kukaa bure. Nataka niendelee kufanya kazi kwa muda usiozidi nusu ya mwaka, yaani kuandaa hesabu na ritani za kodi za wafanyabiashara wadogo kwa njia ya mtandao, kuvisaidia vyama vya msingi vya ushirika kuweka vitabu sawa wakati wa msimu wa korosho, na muda unaobaki nihudumie shamba langu.

Kinachonishinda ni kuchagua mahali. Mimi ni mzaliwa wa Mingoyo, na marehemu baba aliniachia kiwanja Lindi mjini, upande wa Mtanda. Mke wangu ni Mmakonde wa Newala, na wajomba zake wametuonyesha eneo lenye mikorosho ya zamani ambalo wako tayari tulitumie. Moyo wangu mimi umeelekea Mikindani, kwa sababu ya bahari na utulivu wa ule mji wa kale, ingawa huko hatuna kiwanja wala ndugu. Watoto wetu wako Dar es Salaam na Dodoma, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kutufuata. Nina presha inayonilazimu kuhudhuria kliniki kila mwezi. Mke wangu ni mzima wa afya, ila joto la pwani halipendi hata kidogo.

Naomba mnieleze mambo ambayo mgeni wa wiki moja hawezi kuyaona.

Mkazi wa Chuno

Karibu sana kusini, kaka. Mimi niko Mtwara, jirani na hiyo Mikindani yako, na nitausemea mji wangu bila kuficha ubaya wake.

Mtwara ni mji mpana kuliko watu wake. Ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuwa na mpango mkubwa wa kulima karanga kule Nachingwea, wakajenga bandari ya kina kirefu hapa na reli ya kwenda bara. Karanga zikashindikana, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini barabara pana na viwanja vyenye nafasi vikabaki, na mpaka leo mtu anaweza kuishi mjini akapanda miembe uani. Ajabu ni kwamba historia hiyo ilijirudia mbele ya macho yetu wakati wa gesi. Kati ya mwaka 2012 na 2014 kila mwenye kiwanja alijenga nyumba ya kupangisha wageni wa kampuni za mafuta, kodi zikapaa, kisha wageni wakapungua na nyumba zikabaki. Kwa mwenye nyumba hayo yalikuwa maumivu, lakini kwa mtu wa aina yako ni nafuu, kwa sababu bado zipo nyumba nzuri ambazo wenyewe wanatafuta mpangaji mtulivu wa muda mrefu.

Kwa suala la presha, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, upande huohuo wa Mikindani unaoupenda, na katikati ya mji ipo Ligula ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mikindani ni mwendo wa kilomita kama kumi kutoka mjini na daladala hazikatiki mchana. Safari za ndege za abiria kwenda Dar es Salaam zipo pia, jambo ambalo utaliona dogo mpaka siku daktari atakapokuandikia rufaa ya Muhimbili.

Ubaya wake ni joto la kuanzia Desemba hadi Machi, ambalo shemeji yetu hatalisamehe, na kwamba Mikindani yenyewe ni mji unaolala mapema mno. Mtu aliyezoea Dar es Salaam hufurahi mwezi wa kwanza, halafu jioni zinaanza kuwa ndefu.

Baharia wa Ndoro

Mwana wa Mingoyo, nimeshangaa kidogo kwamba una kiwanja cha urithi Mtanda, mahali penye mwinuko na upepo, nawe unauliza habari za kupanga Mikindani. Naomba nikuwekee hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu.

Lindi iko karibu na Dar es Salaam kuliko Mtwara kwa kilomita zaidi ya mia moja, na kwa mtu ambaye watoto wake wako huko na Dodoma, tofauti hiyo utaihisi kila sikukuu. Zamani kilichowakimbiza watu Lindi kilikuwa maji, ambayo yalikuwa haba na yenye chumvi, lakini mradi wa Ng'apa umebadilisha hali kwa kiasi kikubwa. Hospitali ya Sokoine inatosha kabisa kwa kliniki ya presha, na ukihitaji zaidi, barabara ya Masasi ina hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda, ambazo watu wa kusini wamezitegemea kwa vizazi kadhaa.

Kisha fikiria kazi unayotaka kuifanya. Watu wengi wakisema kusini wanafikiria korosho peke yake, lakini mkoa wa Lindi una ufuta na mbaazi pia, na vyote hupita kwenye maghala na minada ya ushirika. Minada ya ufuta huanza kwenye miezi ya katikati ya mwaka, mbaazi hufuata, na korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Ukikaa Lindi uko kati ya chama kikuu cha Lindi Mwambao na kile cha RUNALI kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hivyo kazi haitakutupa mkono baada ya korosho kwisha.

Nikuonye jambo moja tu. Usinunue wala kuuza ardhi kwa sababu ya habari za mradi wa kusindika gesi kule Likong'o. Habari hizo tumezisikia kwa miaka mingi, na kuna watu waliopanga maisha yao yote kwa kusubiri.

Mkazi wa Chuno

Baharia, hesabu yako ya barabara ni nzuri wakati wa kiangazi. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ilikata barabara kuu maeneo ya Somanga kule Kilwa, na watu wa Lindi na Mtwara wote tulijikuta kisiwani. Tofauti ni kwamba Mtwara mgonjwa mwenye nauli aliweza kupanda ndege. Sisemi hivyo kwa kejeli.

Mama Newala

Shikamoo wakubwa mlionitangulia. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimezaliwa Newala na nimerudi Newala, na naona nyumbani kwetu kumetajwa mara moja tu kisha kukaachwa.

Shemeji, mkeo akisema hapendi joto, msikilize. Huku juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Juni hadi Agosti usiku unajifunika blanketi, na hata Februari, wakati watu wa Mtwara wanalala milango wazi, sisi tunapata upepo. Chakula si ghali, mihogo na kunde unalima mwenyewe, na msimu wa ming'oko ukifika hutakumbuka chipsi za Dar es Salaam. Nasema hivyo nikijua kuwa wapo wanaoidharau ming'oko kwa kuwa ni chakula cha porini, na hao waache.

Lakini kuna mambo mawili ambayo ni lazima uyajue kabla hujapakia vyombo.

La kwanza ni maji. Uwanda wetu ni mchanga mtupu kwa juu, hauna mto wala chemchemi, na maji ya bomba yanasukumwa kutoka visima vya bondeni kule Mitema tangu enzi za mkoloni. Pampu ikiharibika au umeme ukikatika, mabomba yanakauka, na kwa sababu hiyo nyumba yenye akili huku ni ile yenye kisima cha saruji chini ya ardhi kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kisima hicho kinatakiwa kiwe kikubwa cha kukuvusha miezi yote iliyobaki. Kwenye bajeti ya nyumba, kisima kiandike kabla ya sebule.

La pili ni gumu zaidi, nami nitalisema kwa heshima. Umeeleza kwamba wajomba wa mkeo "wamewaonyesha" eneo. Sisi Wamakonde kwa asili ukoo wetu unafuata upande wa mama, kama walivyo Wamwera, Wamakua na Wayao, hivyo unalijua jambo hili kutoka kwenu. Mume anayehamia kwa wakwe zake anapokewa vizuri sana, lakini ardhi ni ya ukoo wa mke. Mambo yakienda sawa hutaona tofauti yoyote kwa miaka ishirini. Mkeo akitangulia mbele ya haki, wanaweza kuibuka wapwa ambao hujawahi kuwaona, na wajomba waliowapa eneo kwa mdomo watakuwa wameshakufa. Kama ni ardhi ya kijiji, nendeni wote wawili kwenye halmashauri ya kijiji mkaombe hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yenu nyote, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wajomba waweke saini mbele ya mashahidi wakiwa hai na wenye furaha. Mjomba akikataa kuweka saini, amekujibu swali lako.

Fundi wa Mikindani

Nitasema kuhusu ujenzi tu. Karibu na bahari chumvi inakula nondo na bati jembamba, kwa hiyo atakayekuuzia mchanga wa ufukweni kwa bei ya chini anakuuzia nyufa. Na kiwanja chochote kilicho ndani ya mita 60 kutoka pale maji yanapofika wakati wa bamvua hakijengwi, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hata kama barua ya mwenyekiti wa mtaa ina mhuri. Viwanja vya namna hiyo vinauzwa sana kwa watu wanaotoka Dar es Salaam.

Mwana wa Mingoyo

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Mama Newala, kwa sababu amesema jambo ambalo mimi na mke wangu tumekuwa tukilizunguka. Kwetu Wamwera nalijua, ila nilidhani kwa watu waliosoma limekwisha.

Naomba niongeze maelezo mawili. Kiwanja cha Mtanda kimepimwa lakini hati bado iko kwa jina la baba, na tuko ndugu wanne, ingawa wenzangu wamekubali kwa maneno kwamba kiwe changu. Pia nilikuwa nimefikiria kutumia sehemu kubwa ya mkupuo wangu, yaani malipo ya mara moja ya kustaafu, kujenga mara moja, ili pensheni ya kila mwezi ibaki ya chakula na dawa. Mnalionaje hilo?

Muuguzi mstaafu

Mheshimiwa mhasibu, nimefanya kazi wodi za kusini kwa muda mrefu wa utumishi wangu, na wagonjwa wastaafu nimewahudumia wengi, kwa hiyo nitaanzia kwenye afya kisha niingie kwenye fedha.

Unachagua mahali pa kuishi kwa mwili wa miaka 56, wakati nyumba hiyo utaitumia zaidi ukiwa na mwili wa miaka 70. Leo kliniki ya presha ni kupimwa na kuchukua dawa, na kwa hilo hata kituo cha afya kizuri kinatosha, iwe Newala, Lindi au Mikindani. Maswali ya kujiuliza ni mengine. Usiku ukipata kiharusi, nani ataendesha gari? Mkeo anajua kuendesha? Jirani mwenye gari yuko umbali gani, na barabara ya kutoka kwenu inapitika mwezi Machi? Kiharusi hakisubiri asubuhi, na saa za mwanzo ndizo zenye maana kubwa kuliko zote. Nimeona wastaafu waliojenga majumba mazuri mashambani, peke yao, kwa sababu walitaka utulivu, na utulivu huohuo ukawa ndio kikwazo siku walipohitaji kubebwa. Kwa kigezo hicho mimi naiweka Mtwara mbele, Lindi ya pili, na Newala ya tatu, ingawa ningekuwa mimi moyo wangu ungekwenda Newala kwa sababu ya hewa.

Kuhusu bima, mtumishi wa umma aliyekuwa mchangiaji wa NHIF anaendelea kuhudumiwa yeye na mwenza wake baada ya kustaafu, akiwa ametimiza masharti. Hakikisha kabla ya kuandika barua kwamba kustaafu kwa hiari hakukuondolei haki hiyo, na upate jibu kwa maandishi. Halafu uliza hospitali utakayoitumia kama dawa zako mahususi zinapatikana dirishani kwa bima, maana kadi kupokelewa na dawa kuwepo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu mkupuo, unafahamu kuliko mimi kwamba kikokotoo cha Julai 2022, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilifanya malipo hayo kuwa asilimia 33 ya mafao, na kwamba katika bajeti ya mwaka 2024/25 yaliongezwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale wa asilimia 25. Kwa vyovyote vile ni fedha ya mara moja, na ukiimwaga yote kwenye msingi na kuta hutakuwa na akiba ya kuhama ukigundua kwamba mahali hapo hapakufai. Pangeni kwanza. Kaeni msimu mzima wa joto na msimu mzima wa mvua, kwa sababu anayekuja kutazama kusini mwezi Julai anaiona ikiwa imevaa nguo za Idi.

Katibu wa zamani

Wenzangu wamegusa makazi, mimi niliwahi kuwa katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na nitagusa hiyo kazi unayoitegemea, kwa sababu naona imepitiwa haraka.

Ukaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika una utaratibu wake na kwa kawaida hufanywa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama hivyo, hivyo hapo usitarajie mlango. Unachoweza kufanya ni kuwasaidia makatibu kuandaa vitabu kabla ya mkaguzi kufika, na kazi hiyo ipo kweli, kwa sababu vyama vingi vina mzigo mkubwa wa malipo ya wakulima na watu wachache wenye ujuzi. Lakini chama cha msingi hakina fungu kubwa la mtaalamu wa nje, na malipo yako yatasubiri mnada upite, fedha ziingie, wakulima walipwe. Katika mwaka ambao bei imeyumba utasubiri zaidi. Kumbuka msimu wa mwaka 2018, ambapo Serikali iliamua kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi kuja na bei ndogo. Mfumo mzima ulibadilika katikati ya msimu, na kila aliyekuwa anategemea ratiba ya kawaida alichanganyikiwa. Isitoshe, kazi yenyewe haifanyiki ofisini mjini. Inafanyika ghalani, mara nyingi usiku, kijijini, na mtu wa presha apime mwenyewe kama hiyo ndiyo nusu ya kazi aliyoikusudia.

Ningekushauri uitegemee zaidi kazi ya wafanyabiashara wa mjini, wenye maduka ya vipuri, nyumba za wageni na maduka ya dawa. Hao wanahitaji mtu wa hesabu mwaka mzima na wanalipa kila mwezi, na kwa wingi wao Mtwara inaizidi Lindi. Usajili wako wa NBAA, bodi ya wahasibu, uuhuishe kabla hujatoka kazini, kwa kuwa bila huo hutaweza kuweka saini kwenye hesabu za mtu.

Kuhusu shamba, mikorosho ya zamani inaonekana ni mali mpaka ufike mwezi wa Juni. Kuanzia hapo hadi Agosti unapulizia salfa na viuatilifu dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, tena kwa awamu, na vumbi lake linawasumbua wenye vifua. Kama mtakwenda kwenye lile eneo la wajomba, nyumba isikae katikati ya mikorosho. Ukitaka kupanda upya, kule Naliendele nje kidogo ya Mtwara ndiko kiliko kituo cha utafiti wa korosho, na mbegu zilizoboreshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Baharia wa Ndoro

Nakubaliana na Katibu kuhusu wateja wa mjini, ingawa Lindi nayo haina wahasibu wengi wa kushindana nao, na hilo lina thamani yake.

Ila nataka kurudi kwenye kiwanja cha Mtanda. Ndugu yangu, ndugu watatu waliokubali kwa maneno ni ndugu watatu ambao wana watoto. Fungueni shauri la mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, na hati ihamishwe wakati wote mkiwa na afya na maelewano. Fanya hivyo hata kama utaamua kuishi mahali pengine, kwa sababu kiwanja chenye hati kwa jina lako unaweza kukiuza, kukipangisha au kukijengea, lakini kiwanja chenye jina la marehemu kinakuongezea jambo la kufikiria tu.

Mwana wa Mingoyo

Tumekaa mimi na mke wangu tukayasoma haya pamoja kwa sauti. Tumekubaliana kwamba mwakani tutapanga Mtwara na hatutajenga mahali popote mpaka tumalize mwaka mzima, ukiwemo msimu wa joto ambao yeye ndiye atakayekuwa hakimu wake. Mirathi ya Mtanda naianza mwezi huu. Kwa wajomba wa Newala atakwenda yeye mwenyewe kuzungumza habari ya hati, kwa sababu, kama alivyoniambia bila kuficha, mimi nikienda nitaonekana nimetumwa na tamaa.

Swali langu la mwisho ni kwa Mkazi wa Chuno. Kwa mtu anayetaka intaneti ya kufanyia kazi, upepo kwa ajili ya mke wake, na hospitali isiyokuwa mbali, nitafute nyumba Mikindani kwenyewe au mjini?

Mkazi wa Chuno

Kwa mwaka wa kwanza tafuta Shangani. Uko karibu na bahari, upepo wa kusi unaupata wote kuanzia Mei, na Ligula utafika kwa bajaji hata usiku. Majirani wa pale wengi ni watumishi na wastaafu, kwa hiyo utapata watu wa kuzungumza nao na huenda hata wateja. Mikindani nendeni Jumapili. Unapokagua nyumba, nenda saa nane mchana, ukae ndani nusu saa madirisha yakiwa wazi, umwombe mwenye nyumba afungue bomba la uani na si lile la tangi, na simu yako uijaribu ukiwa chumba utakachokifanya ofisi. Kodi ya miezi sita itakubaliwa, hata kama dalali atasisitiza kwamba kusini siku hizi ni mwaka.